Kutafuta Waranti ya Mjomba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijisifu wala siombi radhi. Ni kama mtu kusema ana nyayo bapa. Mke wangu huvuka mpaka kila siku ya Mungu kwenda kuuza mayai na ndizi upande wa Kenya, na jioni anarudi na habari za dunia nzima. Mimi nampokea na habari za kuku: nani ametaga, nani ametaga kwa jirani, nani anajifanya anaatamia ilhali amejilalia tu. Yeye hunitania kwamba serikali ikitafuta mtu asiye na kosa hata moja, itakuja moja kwa moja kwetu. Nitakosea wapi, ndani ya banda?

Ndiyo maana ukoo ulipohitaji mtu wa kwenda kuulizia waranti, kidole kikanielekea mimi. Sababu walizotoa zilikuwa mbili. Kwanza nilifika senior four, yaani kidato cha nne, kwa hiyo wanaamini hakuna karatasi ya serikali inayoweza kunishinda. Pili, sina sura inayojulikana katika kituo chochote cha polisi. Mama akaongeza ya tatu bila kuombwa: "Na hata wakimfungia huko, ni kazi gani hapa itasimama?"

Waranti yenyewe ilikuwa ya mjomba, mdogo wake mama. Mjomba anaishi Busia ya Kenya, ana kibanda cha kuziba pancha za baiskeli, na kutoka hapo unaweza kuona mapaa ya mabati ya Uganda. Lakini Uganda yenyewe alikuwa hajaikanyaga tangu binti yake akitambaa. Sasa binti huyo alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa wametuma neno kwamba wanaleta ng'ombe.

Hapo ndipo penye shida. Kwetu, ng'ombe wa mahari hapelekwi kwenye nyumba ya kupanga. Anapelekwa kwenye boma la ukoo, kwetu Masinya, na kamba yake anaishika baba wa msichana kwa mkono wake mwenyewe. Kama baba amekufa, kaka yake anashika. Kama yu hai na hayupo, basi hakuna anayeshika, na ng'ombe anarudi alikotoka. Wakwe wanaweza kukusamehe chakula kibichi, hata matusi ya mlevi. Kamba isiyo na mkono hawasamehi. Na mjomba akivuka kuja kuishika, halafu askari naye aje kumshika yeye mbele ya wakwe, hiyo ndoa utaiokota wapi?

Kisa chenyewe nimekisikia tangu utoto. Mjomba alikuwa akipakia samaki wakavu kwenye baiskeli na kuwapeleka masoko ya upande wa Tororo. Kule Kirewa alikuwa na rafiki, ambaye kila siku ya soko alimpa mahali pa kulala. Jioni moja huyo rafiki, akiwa kwenye malwa, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija, alikosana na mtu waliyekuwa wakinywa naye chungu kimoja. Akaacha mrija, akanyanyua kigoda, na jino la mwenzake likatoka. Kesi ikafika korti ya Tororo. Rafiki akahitaji wadhamini wa kumtoa nje, mjomba akasimama mbele ya hakimu akasema huyu namjua, siku mtakayomtaka nitamleta.

Siku waliyomtaka, rafiki hakuonekana. Wakasema amevuka Kenya.

Baada ya hapo askari mmoja akaja Masinya na karatasi mkononi, akimuulizia mjomba. Mjomba alikuwa nyuma ya nyumba akibadilisha tyubu ya baiskeli. Aliona kofia, aliona karatasi, akaingia kwenye migomba. Alitokea Kenya na tyubu imemning'inia shingoni kama skafu ya mwanafunzi. Biashara yake ya pancha, huwa anasema, ilianza na mtaji huo.

Tangu siku ile katiba ya ukoo wetu ikawa na kifungu kimoja: ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Hakuna kuuliza polisi, hakuna kuuliza korti, hakuna kutaja jina la mjomba mbele ya mtu usiyemjua. Hata bibi alipofariki, mama yao, mjomba hakuja. Alifika mpaka kwenye kijito cha mpakani, akasimama ng'ambo, akasikia ngoma na vilio mpaka vikaisha. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walisema wameona mtu mzima amesimama kwenye matope na viatu vya kanisani.

Basi nikatumwa. Mke wangu alinipigia pasi shati, akaniambia nivae soksi, maana mtu mwenye soksi hakamatwi ovyo.

Nilianza na mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu askari hawezi kuingia kijijini kumtafuta mtu bila kupita kwake. Mzee alikumbuka. Karatasi ilikuja kweli, alisema, na aliitia sahihi kuthibitisha kwamba mtu hakupatikana. Nilipomuuliza ilikuwa imeandikwa nini, alinitazama kama nimemuuliza rangi ya suruali ya yule askari. Ilikuwa na muhuri, akasema. Karatasi yenye muhuri huwa inasema nini tena?

Neno hilo lilinikaa kichwani njia nzima ya Tororo. Nyumba nzima ilikuwa imeishi na hofu ya karatasi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma. Mimi ambaye siwezi kununua dawa ya minyoo ya kuku bila kusoma maelezo yote mpaka jina la kiwanda!

Kortini niliogopa kwa muda, kisha nikasahau kuogopa. Sikuwa nimejua kwamba ni mahali pa kuvutia hivyo. Ukutani palikuwa na orodha ya kesi za siku hiyo, majina ya watu na namba, na mimi nikasimama kuisoma kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Huyu na yule, mbuzi. Huyu na shangazi yake, shamba. Kwenye benchi, mama mmoja kutoka Merikit alinisimulia kesi yake yote ya mpaka wa muhogo kabla sijamwamkia vizuri, na nikajikuta nauliza maswali. Alipoitwa ndani nilisikitika kwamba sitajua mwisho wake.

Karani aliyenihudumia alikuwa mwanamke wa makamo, na miwani yake ameipandisha kwenye nywele. Nilikuwa nimepanga kuingia kwa werevu. Nilianza kwa kusema kwamba nina swali la jumla tu kuhusu utaratibu.

"Unatafuta nini?"

"Waranti."

"Ya nani?"

"Ya mtu."

"Waranti zote ni za mtu," akasema. "Za mbuzi hatutoi. Huyo mtu ni wewe?"

Nikaapa si mimi. Nikaapa kwa haraka sana, kiasi kwamba mzee aliyekuwa nyuma yangu alisogea kando kidogo. Nilikuwa nimeambiwa tangu zamani kwamba ukienda kuulizia mtu anayetafutwa, wanakushika wewe mpaka yeye aje. Lakini karani hakuita mtu. Aliniuliza namba ya kesi, sina. Mwaka, nikampa wa kukisia. Jina la mshtakiwa, nikalinong'ona jina la mjomba kama mtu anayeungama.

Akatafuta. Aliniambia kesi za zamani hazikai karibu, ziko chumba cha nyuma, nikae nimsubiri. Aliporudi alisema hakuna mshtakiwa wa jina hilo, wala mwaka huo, wala wa kabla, wala wa baadaye.

Mtu mwingine angefurahi akaenda kula chapati. Mimi niliketi tena kwenye benchi nikijiuliza inawezekanaje. Askari alikuja, mwenyekiti aliweka sahihi, mjomba alikimbia na tyubu shingoni. Ndipo karani, akipita na mafaili kifuani, akaniuliza swali ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kuulizwa.

"Lakini kesi yenyewe ilikuwa ya nani?"

Miaka yote tuliiita kesi ya mjomba. Haikuwa ya mjomba. Mjomba hakung'oa jino la mtu. Mdhamini hapewi faili lake. Jina lake linakaa ndani ya faili la mwenziwe, kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Na jina la mwenziwe mimi sikulijua, kwa sababu kwetu alikuwa akiitwa "yule mtu".

Kulipata ikabidi nivuke Kenya. Safari mbili kwa juma moja. Mke wangu alitangaza sokoni kwamba nimepatwa na kichaa cha barabara. Mjomba alikuwa ameinama juu ya beseni la maji, akitafuta tundu kwenye tyubu. Nilipomwomba jina la rafiki yake aliendelea kuizungusha tyubu majini mpaka mapovu yakaonekana, akaweka alama, akaifuta tyubu kwa kitambaa, na ndipo akalitema jina kama mwiba wa samaki.

"Na ukimkuta kwa hiyo faili," akasema, "usiniletee salamu."

Safari ya pili ya Tororo karani alinikuta nimeshafika. Alinicheka, akasema sasa nitapewa meza. Kwa jina lile faili lilitoka, jembamba, limefungwa kwa uzi, lina harufu ya panya. Lilikuwa la Kiingereza cha mkono, cha kona nyingi. Nilimwambia mimi nimefika senior four, nitasoma mwenyewe. Nilielewa nusu, nusu ya pili nikawa naitikia kwa kichwa, mpaka akanihurumia akavuta kiti.

Waranti ilikuwepo. Moyo wangu uliruka, nusu kwa hofu na nusu, nikiri, kwa furaha ya mtu aliyekipata anachokitafuta. Lakini ilikuwa ya rafiki. Ya mjomba ilikuwa karatasi nyingine, wito tu: mdhamini aje aeleze kwa nini mtu wake hakufika. Aje aeleze. Hakuna kukamatwa, hakuna pingu. Na juma lililofuata yule rafiki aliingia kortini mwenyewe kwa miguu yake. Alikuwa amefiwa na mkwe wake huko Kenya, mazishi yakamchelewesha. Hakimu alimkaripia, akafuta waranti, akaandika kwamba wadhamini waachwe, hawadaiwi neno. Mbele kidogo kesi yenyewe ikafungwa. Mwenye kigoda na mwenye jino walikuwa wamepatana.

"Kwa hiyo mjomba wangu alikuwa anatafutwa mpaka lini?" nikauliza.

Karani alishusha miwani, akasoma tena. "Hakutafutwa," akasema. "Aliitwa."

Alinielekeza namna ya kuomba nakala yenye muhuri, nikaomba, nikasubiri, nikapewa. Njia nzima ya kurudi niliishika kifuani. Nilijiona mtu mkubwa. Nilipanga hata jinsi nitakavyoingia kwa mjomba: nitakohoa kwanza.

Nilikohoa. Nikamsomea yote, nikifasiri palipohitaji na kuongeza chumvi pasipohitaji. Nilipomaliza nilisubiri anyanyuke anikumbatie. Mjomba alikuwa ameshika pampu mkononi. Macho yake yalikuwa kwenye mapaa yale ya ng'ambo.

"Mpwa," akasema, "hukuona hata ndogo?"

"Ndogo nini, mjomba?"

"Waranti. Hata ndogo."

Hapo ndipo nilipoelewa nimebeba nini. Nilidhani nimemletea ruhusa ya kwenda kushika kamba. Kumbe nilikuwa nimemletea habari kwamba siku ile, kwenye matope, na viatu vya kanisani, hakukuwa na kitu upande wa pili ila mama yake anazikwa. Kama kungekuwa na waranti, hata moja ndogo, angekuwa na la kumwambia.

Alichukua baiskeli ya mteja akaanza kujaza upepo tairi ambalo lilikuwa limeshajaa. Sikumzuia. Lilipokuwa gumu kama jiwe akasema haamini. Karatasi ndiyo iliyomtoa kwake, sasa mimi namletea karatasi nyingine imrudishe. Karatasi na karatasi ni ndugu. Kama ni kweli kesi iliisha, yule mtu aje mwenyewe amwambie kwa mdomo wake.

"Ulisema hutaki hata salamu zake," nikamkumbusha.

"Salamu sitaki. Nataka yeye."

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa akichambua maharagwe, na mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akaniuliza yule mtu alirudi kortini lini. Nikamwambia, juma lililofuata. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba siku zile zile alikuja mtu hapa, mrefu, na jogoo mkononi, akimuulizia mjomba. "Nikamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Nikamwambia tena, na nikawaita mbwa."

Mke wangu, ambaye huwa na neno kwa kila jambo, aliinuka akaenda kutazama chungu kisichokuwa jikoni.

Kwa hiyo nikaenda Kirewa pia. Mimi, mtu wa banda! Sikupata taabu. Nilipotaja mtu aliyewahi kung'oa jino la mwenzake kwa kigoda, nilionyeshwa nyumba na watu wanaocheka, na mmoja wao alicheka akaonyesha pengo lake. Rafiki alikuwa mzee sasa, mrefu bado, anapalilia karanga. Nilipojitambulisha aliweka jembe chini taratibu.

"Bado anauza samaki?"

"Anaziba pancha."

Alinisimulia upande wake tukiwa tumesimama pale pale kwenye karanga. Alitoka kortini akaenda Masinya na jogoo kumshukuru mdhamini wake na kumwomba msamaha. Akaambiwa hakuna mtu kama huyo, akakimbizwa na mbwa, na jogoo akamponyoka. Njiani mtu mmoja akamwambia mjomba kavuka Kenya. "Mimi nikaelewa amekwenda kunitafuta mimi huko," akasema. "Nikaona aibu. Nikasema, akichoka kunitafuta atarudi."

"Hajachoka," nikamwambia.

Rafiki alifika kwetu asubuhi ya siku ya ng'ombe, amevaa koti, na jogoo kwapani. Tulivuka pamoja mpaka kwenye kibanda. Nilitegemea maneno mengi. Mjomba alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema umezeeka vibaya. Yule akajibu kwamba wewe umezeeka ukiwa umeinama. Akampa jogoo. Kisha rafiki akasema lile neno lililokuwa linasubiriwa, wala hakulipamba. Kesi iliisha. Aliisimamia mwenyewe, akaimaliza mwenyewe. Mama wa mjomba alipofariki hakujua. Angejua angekuja kumchukua kwenye kijito kwa mkono.

Mjomba akafunga kibanda.

Watu wa kwetu wana njia zao za kupita bila kusumbua serikali, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuielekea moja. Mjomba alikataa. Alitaka kupita getini, mchana, mbele ya watu wenye kofia. Rafiki alimshika mkono, akisema leo yeye ndiye mdhamini, na wakatembea hivyo, wazee wawili na jogoo, mimi nyuma na nakala yangu yenye muhuri ambayo hakuna aliyeitaka.

Mbele ya afisa mjomba alitoa kitambulisho, akanyoosha mgongo, akangoja. Afisa alikitazama, akakirudisha. Mjomba akaendelea kungoja.

"Mzee, sogea," afisa akasema. "Unazuia watu."

Nadhani alijiona ametukanwa kidogo. Baada ya miaka yote ile, walau wangemuuliza swali.

Wakwe walikuja na ng'ombe wao mchana, na shangwe, na yule msemaji wao mwenye maneno ya kuzunguka akauliza iko wapi mikono ya kupokea kamba hii. Binti alikuwa mlangoni na shangazi zake, amejifunika leso, na niliona leso ikisogea upande mmoja ili jicho lipate nafasi. Mjomba akatoka. Akaipokea kamba. Vigelegele vikapanda mpaka kuku wangu, kilima cha pili, nadhani walivisikia.

Desturi ni kwamba baba akishaishika kamba kidogo anawapa vijana wakamfunge ng'ombe. Vijana walisogea, mikono mbele. Mjomba hakuitoa. Aliwapita, akampita msemaji na viti vya wakwe, akamwongoza ng'ombe mpaka nyuma ya nyumba ambapo kaburi la bibi lipo, kando ya migomba ile ile. Akasimama pale. Ng'ombe, ambaye hakuelewa lolote, akaanza kula majani ya pembeni mwa kaburi.

Ilichukua muda. Chakula kilikuwa tayari, wakwe walianza kutazamana, na mimi kwa kuwa sasa nimekuwa mtu wa kutumwa niliinuka ili nikamlete. Mama akanivuta shati.

"Mwache," akasema. "Anaeleza."